Fahamu Hairudi kwa Mkupuo

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nipasuliwe kichwa ni hili: ulizinduka lini? Anayeuliza hutarajia nimtajie siku na saa, nami sina cha kumtajia. Faili la hospitali linasema nilizinduka mlemle kwenye chumba cha upasuaji, muda mfupi baada ya dawa ya usingizi kusimamishwa: nilifumbua macho nilipoitwa, nikataja jina langu, nikachezesha vidole vya miguu. Mume wangu anasema nilizinduka jioni ile, maana nilimlalamikia kwamba taa inaniumiza na nikamuuliza miwani yangu iko wapi. Katika hayo yote mimi sikumbuki hata chembe. Kwa kumbukumbu zangu nilianza kuwepo kesho yake, na kufikia hapo nilikuwa nimeshanyamaza kabisa. Yaani nilipokuwa naongea sikuwepo, na nilipokuwepo sikuongea.

Kilichotolewa kichwani mwangu ni meninjioma, uvimbe unaoota kwenye tando zinazoufunika ubongo. Uvimbe wa aina hii mara nyingi si saratani. Hukua polepole mno, na ubongo huupisha kimyakimya kwa miaka. Wangu ulikuwa mbele, karibu na mstari wa katikati ambapo nusu mbili za ubongo zinatazamana. Kabla haujajulikana nilikuwa nimepoa tu. Simu inaita, naitazama hadi inakata. Naanza sentensi, naiacha njiani. Nyumbani wengine walisema nina msongo wa mawazo, wengine walisema nimeanza maringo. Kilichotufikisha kwenye kipimo ni degedege: mguu wa kulia ulianza kurukaruka wenyewe, nikautazama kwa mshangao, kisha nikaanguka.

Siku ya kusaini fomu, daktari wa upasuaji alituchorea kichwa kwenye karatasi, akaweka nukta nyuma kidogo ya uvimbe. “Hapa, mama, kuna eneo linaloanzisha matendo. Halisogezi mkono lenyewe, linautuma. Tukipita karibu nalo, au likivimba baadaye, unaweza kukaa siku au hata wiki kadhaa husemi, na upande wa kulia ukawa mzito. Mara nyingi usemi na nguvu hurudi. Likitokea msidhani mmempoteza.” Maneno ya mwisho alimgeukia mume wangu. Tuliambiwa mengi siku hiyo, juu ya kuvuja damu, maambukizi, degedege na hata kifo, na ilikuwa haki yetu kuambiwa. Lakini kama kuna onyo lililotufaa ni hilo la kunyamaza, na lilitufaa kwa sababu alilisikia mtu ambaye angekuwa macho wakati mimi siko.

Juu ya nusukaputi yenyewe sina la kusimulia, na hilo ndilo la kusimulia. Mtu akilala usiku akaamka, anajua muda umepita. Atakosea saa, lakini hatadhani ni dakika ileile. Mimi nilihama kutoka taa za chumba cha upasuaji hadi dari nyingine pasipo kitu katikati. Tangu Oktoba 16, 1846, daktari wa meno William Morton alipompa mgonjwa etha, mvuke wa kumtia usingizi, mbele ya madaktari huko Boston, wataalamu wamekuwa wakiuliza ni nini hasa kinachozimwa. Dawa za siku hizi kama propofoli huingia kwenye mshipa na kufanya kazi ndani ya sekunde, lakini ubongo hauzimi wote. Kwa jinsi daktari wa usingizi alivyonieleza, sehemu zake huendelea na shughuli ila huacha kusikilizana. Zikianza kusikilizana tena, hazianzi pamoja. Kupumua huja, kukohoa huja, macho hufumbuka, ulimi hujibu, na kumbukumbu inaweza kuwa bado. Baadhi ya dawa zinazotolewa kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji nazo huzuia kumbukumbu kushika. Kwa hiyo yule mwanamke aliyedai miwani yake alikuwa mzima kabisa kwa dakika zile, ila hakuna kilichokuwa kinarekodiwa.

Wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa wanapima kila saa. Kipimo chao cha fahamu ni kile cha Glasgow, kilichotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett: macho alama 4, maneno alama 5, mwendo wa viungo alama 6. Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3, kwa kuwa hata asiyefanya lolote hupewa 1 kwa kila kipengele. Jioni ya upasuaji nilipata 14. Nilikosa mwezi tu, nikautaja uliopita. Asubuhi yake alama za maneno zilianguka hadi 1, na mwendo nao ukashuka. Ukiisoma chati ile bila kunijua, utasema hali ilikuwa mbaya. Na asubuhi hiyo ndiyo yenye kumbukumbu yangu ya kwanza: mkunjo wa pazia la kijani, na mtu anayesema, “Tumpeleke CT sasa hivi.”

Silaumu kipimo. Kushuka kule ndiko kulikonikimbiza kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa, na mashine ikaonyesha hakuna damu iliyovuja, ni uvimbe wa kawaida wa baada ya upasuaji. Kipimo kiliundwa kiwatahadharishe watu haraka, na kiliwatahadharisha. Hakikuundwa kueleza kama kuna mtu nyuma ya macho.

Wengi hudhani nilikuwa nahangaika ndani kwa ndani, napiga mayowe yasiyotoka. Haikuwa hivyo hata kidogo. Maneno nilikuwa nayo. Muuguzi akisema “inua mkono wa kulia,” nilisikia, nilielewa, na nilikubali kwa moyo mmoja kuuinua. Kisha nikangoja. Mkono nao ukangoja. Gari lenye injini nzima na mafuta tele, stata ndiyo iliyokufa. Wala sikuogopa, na hilo linanishangaza zaidi ya ukimya wenyewe, kwani mimi ni mtu wa hofu. Nadhani hata hofu lazima ianzishwe na kitu. Nilikuwa natazama tu. Muuguzi wa zamu ya usiku alining’iniza shingoni kalamu ya kubonyeza, na alikuwa na kawaida ya kuibonyeza mara mbili kabla ya kuandika. Nikisikia bonyezo mbili nilijua saa nyingine imepita. Alinifungua kope kwa kidole gumba, akamulika tochi kwenye mboni, akaniambia “samahani, mama” kila mara, ingawa kwa chati yake mimi nilikuwa mtu asiyejibu. Sijamsahau kwa ile samahani.

Wageni waligawanyika. Shangazi alisimama miguuni pa kitanda akasema, “Masikini, hata hasikii,” kisha akaendelea kujadiliana na mtu juu ya nani atawalea wanangu. Sikumchukia, uchungu ulimzidi. Dada yangu mkubwa alifanya tofauti. Alikuwa anainama mpaka uso wake unaingia kwenye jicho langu lililokuwa limefumbuka, maana la pili lilikuwa limevimba na kufunga, akasema: “Nashika mkono wako wa kushoto. Ukiweza, bana. Usipoweza, sawa.” Kisha alinyamaza kwa muda mrefu kupita adabu ya mazungumzo. Siku moja, alipokuwa ameshakata tamaa na kugeukia dirishani, mkono ulibana. Nilikuwa nimeanza kuubana tangu aliponiambia.

Neno la kwanza sikulisema mimi. Mwanangu mdogo aliletwa kuniona, akasogea kitandani kwa woga, akasema “Shikamoo, mama.” Mdomo wangu ukajibu “Marahaba.” Chumba kizima kiligeuka. Mume wangu akaniuliza haraka haraka: unanisikia? unaumwa wapi? unataka maji? Kimya. Nilikuwa na majibu yote matatu na hakuna hata moja lililotoka. Daktari alipoelezwa alitabasamu, akasema ndivyo inavyokuwa. Yale tuliyoyazoea mno, salamu, sala, kuhesabu, matusi pia, hupita njia ambayo haihitaji kuanzishwa kwa nguvu. John Hughlings Jackson, daktari Mwingereza wa karne ya 19, alishaliona hilo kwa wagonjwa wake: usemi unaojitokea ni kitu kimoja, usemi wa kutunga hoja ni kingine. Tangu siku hiyo familia waliacha maswali. Walianza kunisalimia, na kuanza kuhesabu wakaniachia njiani: moja, mbili, tatu… na mimi “nne.” Mtaalamu wa tiba ya matamshi naye alipofika alianzia hapohapo.

Baadaye nilisoma yaliyoandikwa juu ya wagonjwa wengine waliokaa kimya. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani hakuwa na fahamu. Walimlaza kwenye MRI, mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakamwomba afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anapita vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake uliwaka sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: kati ya wagonjwa 241 waliokuwa hawaonyeshi kufuata agizo lolote, 60 walionekana kulifuata ndani ya ubongo. Naandika haya kwa tahadhari. Wengine wote kati ya hao 241 hawakuonyesha kitu, na ndugu wa mgonjwa aliyeumia vibaya asinitumie mimi kujipa uhakika. Ukimya wangu ulitabiriwa, sababu yake ilijulikana, na ulikuwa wa muda. Ninachosema ni kidogo tu: mbele ya kitanda cha mtu asiyejibu, nani atawalea watoto ni mazungumzo ya kwenye korido.

Sauti iliporudi, ilirudi kwa kunong’ona, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwelikweli. Nilikuwa napewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, dawa ambayo inajulikana kwa kuufukuza usingizi. Taa haizimwi usiku, na kila saa kuna bonyezo mbili na tochi. Nikaamini tuko melini. Ushahidi nilikuwa nao: kitanda kilikuwa kinapanda na kushuka. Kumbe miguuni nilifungwa mifuko inayojazwa hewa na kupunguzwa, ili damu isigande kwenye mishipa, na ubongo wangu ukaipokea ile habari ya miguuni ukaitungia bahari. Muuguzi akiniuliza “hapa ni wapi?” nilimjibu “hospitali,” kwa sababu nilishajifunza ndilo jibu wanalolitaka. Akaandika alama 5 za maneno, 15 kwa jumla. Mgonjwa wa alama kamili, yuko baharini. Nilikuwa nasubiri tutie nanga nishuke.

Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga walichunguza watu waliokatwa kiungo kinachounganisha nusu mbili za ubongo kwa ajili ya kutibu kifafa. Nusu ya kulia ikiagizwa jambo, mkono ukalitenda, nusu ya kushoto yenye usemi hutoa sababu papo hapo, sababu ya kutunga, bila hata kusita wala kujua kwamba imetunga. Niliposoma hayo niliikumbuka meli. Haikuwa ndoto, ndoto ukiamka unaijua. Ilikuwa maelezo ya kawaida kabisa ya mambo niliyoyahisi, na aliyeyatoa ni yuleyule anayeandika hapa.

Mwili nitaupitia haraka. Mshono ulitoka sikio hadi sikio nyuma ya mstari wa nywele. Mfupa ulirudishwa na vibati vya titani, na kwa muda ulikuwa ukitoa mlio mdogo nikigeuka kitandani; wanasema ni kawaida na uliisha. Taya liliuma nikitafuna, kwa sababu msuli wa kutafunia huanzia ubavuni mwa kichwa, juu ya sikio, na huguswa wakati wa kufungua fuvu. Ngozi ya utosi bado ina ganzi, hata kuchana nywele nachana kwa kutazama kioo.

Fiziotherapia ndiyo iliyonishangaza. Siku moja mtaalamu alinisifu jinsi nilivyolishika zoezi la kugeuka na kukaa, “tulilofanya juzi na jana.” Hizo juzi na jana sina. Miguu ilikuwa nazo. Kuna mgonjwa maarufu, Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 na tangu hapo hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo, na kila siku alikuwa bora zaidi huku akiapa hajawahi kuijaribu. Kwangu ilikuwa kwa siku chache tu, lakini nililionja lile la mwili kujua kitu ambacho mwenyewe hukijui.

Nyumbani ndiko nilikodhani kazi imekwisha. Nilikuwa naongea, natembea, natambua watu, kichwa kimefunikwa kitambaa. Wageni walisema nimepona. Lakini nilikuwa naweza kusimama mlangoni mwa bafu, taulo begani, mpaka mtu anikute. Nikiulizwa unangoja nini, sina jibu. Njaa ilikuwepo na sikwenda jikoni. Hili lilitugharimu kuliko ukimya wa hospitalini, kwa sababu pale watu walimwona mgonjwa, na hapa walimwona mvivu. Mume wangu alikuwa na daftari la dawa na maendeleo yangu. Nilipolisoma baadaye nilikuta mara kadhaa ameandika “leo amekataa kuoga,” “amekataa mazoezi.” Nazikumbuka baadhi ya siku hizo. Sikukataa. Nilikuwa karibu kuanza.

Kilichosaidia ni kusukumwa kidogo, kisha kuachwa. Mtaalamu wa kurejesha shughuli za kila siku aliwaonyesha: usimwambie “nenda kapige mswaki,” mpe mswaki mkononi, tayari una dawa. Mkono ukishafika mdomoni, mengine yanajiendea. Kwa kutembea, mtu anatanguliza hatua moja mbele yangu. Kwa simu, kengele inalia na kwenye kioo inaandika jambo moja tu. Orodha ya mambo kumi ilinifunga zaidi, nikabaki naisoma. Nilichoka pia kwa uchovu nisioujua zamani. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu zake, na wangu ulikuwa unafanya kazi huku unajikarabati. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, nilihitaji kwenda kulala.

Na hasira. Nilikuwa na hasira za ghafla, za kutupa vitu, kisha kilio. Tulidhani ndiyo tabia mpya iliyobaki baada ya uvimbe, na familia walianza kuizoea. Daktari alipoambiwa alitazama orodha ya dawa akaonyesha levetirasetamu, ya kuzuia degedege, ambayo kwa baadhi ya watu huleta hivyo. Alinibadilishia taratibu kwa mpango wake, kwa maana kuiacha ghafla ni kukaribisha degedege, na baada ya wiki kadhaa watoto walianza kunikaribia tena. Ningeomba kila familia isikubali haraka mno kusema “siku hizi ndivyo alivyo.” Kuna yatokanayo na jeraha, kuna yatokanayo na kidonge, kuna yatokanayo na kukosa usingizi, na kidonge na usingizi vina dawa.

Kutaka kulirudi mwisho kabisa, na kwa kitu cha kipuuzi. Nilikuwa nimeketi uani, jua likanifikia usoni, nikasimama nikahamisha kiti kivulini. Niliketi tena ndipo nikashtuka: hakuna aliyeniambia. Nilikuwa peke yangu. Katika daftari, siku hiyo imeandikwa saa za dawa na kwamba nimelala vizuri.

Bado kuna kipande kidogo cha uvimbe kilichoshikamana na mshipa mkubwa wa damu ulio juu ya ubongo. Daktari alikiacha kwa makusudi, kwa kuwa kukifuata kungeweza kuuchana mshipa. Kinatazamwa kwa MRI mara moja kwa mwaka. Kuendesha gari niliruhusiwa tena baada ya kipindi kirefu bila degedege. Kwenye mkutano wa sauti nyingi napotea, na nimewaambia wenzangu wazi kwamba nikikaa kimya waniulize na wasubiri. Asubuhi kuanza bado ni kazi. Kipimo kijacho ni mwezi ujao. Miaka iliyopita mume wangu ndiye aliyepanga miadi, safari hii nilipiga simu mimi, naye akajua nilipomwambia tarehe.